Sifuri za Kila Ijumaa

Ukitaka kumjua mtu asiyejua pikipiki, muulize ipi inamsumbua fundi zaidi, kubwa au ndogo. Atakujibu kubwa, tena atakujibu upesi, kana kwamba umemuuliza kati ya tembo na paka nani anakula sana. Nimewasikia wengi wakijibu hivyo, wakiwemo wenye vyeo na viti vya kuzunguka, na kwa mwaka mmoja na nusu sikumsahihisha hata mmoja. Hilo ndilo kosa langu. Nalisema mapema ili msomaji asijisumbue kunitafutia jingine.

Nilikuwa fundi wa shirika la kupeleka dawa. Karakana yangu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, mlango wa bati, dirisha moja, sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi, na meza ya chuma ambayo sikumruhusu mtu yeyote kuweka kikombe cha chai juu yake. Tulikuwa na pikipiki kubwa nne, zile za safari ndefu, zenye kioo mbele, masanduku ya chuma ubavuni na tangi la kumeza lita ishirini. Hizo zilikwenda vituo vya mbali vyenye barabara. Baadaye zikaletwa ndogo mbili, nyembamba, zimekaa juu kama mbuzi, za aina ile ambayo watu hushindania matopeni. Zililetwa kwa ajili ya njia moja tu iliyozishinda kubwa. Njia hiyo tuliiita Ngazi, kwa sababu sehemu yake ya juu ni mawe matupu, kama ngazi aliyoijenga mlevi.

Njia hiyo alipewa mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja. Waendeshaji wenzake walimwita Kiberiti kwa kuwa ni mfupi, mwembamba, na hakawii kuwaka. Tuliishi nyumba moja, mimi, yeye na mama yetu. Kubwa ilimshinda, na haikuwa aibu. Inazidi kilo mia mbili kabla hujaipakia dawa, na ikilala chini kwenye mawe inataka wanaume wawili na maneno mabaya mengi ili isimame. Ndogo aliweza kuinyanyua peke yake, akaipangusa, akaendelea.

Sasa nieleze, maana bila hili hutaelewa lolote. Kubwa ina heshima zake. Unaibadilishia oili, unaisahau kwa kilomita elfu kumi. Valvu zake unaweza kuzipima leo usizione tena mpaka mtoto wa jirani amemaliza shule ya msingi. Lakini siku unayotaka kuigusa, lazima kwanza uivue nguo: kiti, tangi, maplastiki, skrubu za aina tano, ndipo plagi ionekane. Ikifa sensa moja, kidude cha umeme kisichozidi ukucha, pikipiki inalala karakana wiki tatu ikisubiri kipande kutoka ng'ambo, matumbo nje, na kila anayepita mlangoni anakupa pole.

Ndogo haihesabiwi kwa kilomita. Inahesabiwa kwa saa, kuna kisanduku kidogo kwenye usukani kinachojumlisha muda ambao injini imewaka, kwa sababu injini ile hufanya kazi kama mtu anayekimbia mbio fupi kutwa nzima. Oili yake haijazi chupa ya lita moja, na baada ya saa chache za mlima imekuwa maji meusi. Chujio lake la hewa ni sponji. Vumbi la siku moja linatosha kulijaza, na ukilipuuza, vumbi linapenya mpaka ndani ya silinda na kuikwangua kama msasa. Spoki zinalegea kila wiki. Cheni inataka kutazamwa kila jioni. Ringi na pistoni, vile vipande vinavyosuguana na silinda, ambazo kwa kubwa unaweza kustaafu bila kuziona, kwa ndogo lazima uwe nazo kabatini, na ujue tarehe ya kuzibadilisha.

Kwa hiyo kubwa ni mgonjwa wa mara moja kwa mwaka anayelazwa na kutembelewa na ukoo mzima. Ndogo ni mtoto mchanga. Haumwi, ila ukimwacha siku moja tu bila kumwosha na kumlisha, utajuta. Anayemlea mtoto mchanga hapewi pole na mtu.

Kila Ijumaa nilijaza fomu ya Meneja. Kila pikipiki ilikuwa na mstari wake, na mbele yake nilitakiwa kuandika imekaa karakana saa ngapi wiki hiyo. Meneja alikuwa mwanamama wa sauti ya chini, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Ndogo zilipokuja alituita sote, akasema ziko kwenye majaribio.

"Wafadhili waliotupatia wanataka kuona kama hazina usumbufu," alisema. "Zikisumbua tunazirudisha, na Ngazi inabaki kama zamani."

Kama zamani maana yake watu wa kule juu kushuka wenyewe kwa miguu, siku moja na nusu, kufuata dawa. Kiberiti alikuwa ameshapanda mara tatu na tayari aliwajua kwa nyumba zao. Wa kwanza kumtaja kila akirudi alikuwa Mama Pacha, mwanamke wa nyumba ya mwisho kabisa, ambaye mmoja wa pacha wake alikuwa na kifafa. Vidonge vya mtoto yule havikutakiwa kuruka hata siku moja. "Nikimkuta huyo mama anatembeatembea nje," Kiberiti alituambia mezani, "najua amebakiza vya leo tu."

Ijumaa ile ya kwanza nilitazama mstari wa pikipiki ndogo. Saa zangu halisi zilikuwa kumi na moja. Niliandika sifuri.

Basi nikaanza kuja kazini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Niliosha sponji kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, nikaianika, nikachukua iliyokauka ya jana, nikaipaka mafuta yake kwa vidole taratibu mpaka yakashika kila mahali. Oili nikamwaga, nikatia mpya. Spoki nikazigonga moja moja kwa spana, nikisikiliza iliyolegea. Ilipofika saa moja na nusu na waendeshaji kuanza kuingia, ndogo zote mbili zilikuwa zimesimama nje, kavu, kama hazijaguswa. Saa za kweli niliziandika kwenye daftari langu mwenyewe, kwa sababu fundi anayejidanganya hata yeye mwenyewe afadhali akauze nyanya.

Mwanzoni nilifanya kwa ajili ya Kiberiti na njia yake. Mungu ananiona, mwanzoni ilikuwa hivyo. Lakini baadaye nilianza kupenda sifa. Mwendeshaji mmoja wa kubwa, mtu mzima tuliyemwita Taratibu, alikuwa akisimama mlangoni kwangu kila mara kubwa yake inapofunguliwa.

"Fundi, hizo ndogo zako ni za kuoa," alisema. "Hazidai chochote, hazinuni."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao huku nikifuta mikono. Nilijiona mkubwa. Nilijua siri ambayo mashine mbili na mimi tu tulikuwa nayo, na kila mtu aliyezisifu alikuwa ananisifu mimi bila kujua. Sijui kama kuna ulevi mtamu kuliko huo.

Kiberiti naye hakujua. Sikumwambia kwa sababu yule hawezi uongo. Akiwa mtoto aliwahi kuvunja sahani, akaenda kumwamsha mama usingizini ili akamweleze. Ningemwambia asubuhi, saa nne Meneja angekuwa anajua. Majaribio yalipokwisha, alitakiwa kuandika maoni yake, akaandika kwa mkono wake na kutusomea nyumbani kwa fahari: "Pikipiki hii haijawahi kunisumbua hata siku moja." Mama alipiga makofi. Mimi nilikuwa nakula, nikaendelea kula.

Baada ya mwaka mmoja na nusu Meneja akaita mkutano mwingine. Ukutani alibandika karatasi yenye mistari miwili ya rangi. Mstari wa kubwa ulipanda na kushuka, ukapanda tena. Mstari wa ndogo ulilala chini kabisa, umenyooka, kwa sababu ulichorwa kwa sifuri zangu.

"Takwimu zimetuamulia," alisema. Kubwa zote nne zingeuzwa, na vituo vya barabarani vingehudumiwa na gari la kukodi. Ndogo zingebaki, na mbili zaidi zingekuja. "Na kwa kuwa hazihitaji fundi, karakana tutaifanya stoo." Kisha akanigeukia, na naapa alikuwa na huzuni ya kweli. "Fundi, umetufanyia kazi nzuri sana. Hatuna la kukulipa ila shukrani."

Nilifungua mdomo. Mbele yangu alikaa Kiberiti, na uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha, maana ndogo nne maana yake njia mbili zaidi kama Ngazi, na watu wengine wengi wasioshuka kwa miguu. Alikuwa bado hajafikia kwenye habari yangu, akili yake ilikuwa juu mlimani. Nikafunga mdomo. Watu wakadhani nimezidiwa na uchungu, wakanipigapiga begani.

Nilipata kibarua kwa mtu anayetengeneza pampu za maji, mwisho wa barabara ileile ya shirika. Jioni ya kwanza nilimwita Kiberiti uani, nikachukua sponji ya kuoshea vyombo nikamwonyesha kwa mfano.

"Ukirudi kila siku, toa chujio, osha, kausha, paka mafuta. Usiache."

"Kaka, mwaka na nusu hakuna aliyeziosha. Zimekufa?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Tulikuwa wawili tu, mama yuko ndani. Ningesema tu: nani kakwambia hazikuoshwa? Nilisema, "We osha tu, acha ubishi."

Aliosha wiki mbili, namshukuru. Lakini pale kazini ufunguo huchukuliwa na anayewahi kufika, hakuna mwenye pikipiki yake. Aliyoiosha Jumatatu ilichukuliwa na mwingine Jumanne, na yeye akapewa iliyojaa vumbi la mtu. Halafu mafuta ya taa yakakatazwa, kwa sababu karakana sasa ilikuwa stoo ya maboksi ya dawa na mafuta ya taa hayakai na dawa. Wenzake wakamcheka kwamba anaogesha chuma. Akaacha. Ningekuwa mimi ningeacha mapema zaidi.

Na oili? Na ringi? Na spoki? Hayo sikumwambia kabisa, maana kuyasema yote ni kuungama yote.

Nikabaki kuhesabu kichwani. Safari tatu kwa wiki, saa tano kila safari. Nikiwa nimeinamia pampu ya mtu nilikuwa najumlisha: sitini, sabini na tano, tisini. Nilijua ringi zinaishia wapi jinsi mwenye nyumba anavyojua mwisho wa mwezi. Mezani nilikuwa nasukuma sahani chakula kikiwa nusu, na mama akaanza kuniuliza kama kuna mwanamke.

Jumapili moja nilichukua chupa ya oili, spana mbili na sponji mpya, nikaenda getini. Mlinzi alikuwa yuleyule wa siku zote.

"Habari za siku, Fundi."

"Nzuri. Nifungulie mara moja nizitazame zile ndogo."

"Una barua?"

"Barua ya kutazama pikipiki?"

"Ya kuingia."

"Wewe juzi tu ulikuwa unakuja kuniomba spana ya baiskeli yako."

"Na nilikurudishia," akasema. "Fundi, usinitie matatani. Kuna kamera sasa. Nikikufungulia leo, kesho tunatafuta kazi wawili."

Nilimpa ile chupa nikamwomba awape waendeshaji. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaiweka chini ya kiti chake. Nadhani ipo pale mpaka leo.

Nikarudi nyumbani nimepiga moyo konde kwamba leo nasema. Kiberiti alikuwa anafua uani, povu mpaka viwikoni, na kabla sijakaa akaanza yeye. Yule pacha alikuwa amemaliza miezi mitano hajaanguka. Ameanza shule. Mama Pacha alimpikia Kiberiti mayai, akamkatalia kuondoka mpaka ayamalize. "Kaka, ungemwona yule mtoto na begi lake, begi kubwa kuliko yeye," akasema, na alikuwa anacheka mpaka maji yakamrukia usoni. Mimi nikasema ndani ya moyo wangu, wiki ijayo. Nitasema wiki ijayo.

Jumanne saa nne asubuhi injini ilikaza. Hakuwa hata kwenye mawe, alikuwa kwenye mteremko mfupi kabla ya Ngazi kuanza, sehemu rahisi kuliko zote, na kwa sababu ni rahisi alikuwa anakwenda kasi. Pistoni ikishikana na silinda, gurudumu la nyuma nalo linafunga. Pikipiki ilimrusha kushoto, ikamwangukia goti. Watu wa nyumba za chini walimbeba kwa blanketi na miti miwili mpaka barabarani. Boksi la dawa lilibaki kwenye majani, na mvua ya mchana ikalikuta pale.

Nilimkuta hospitali, mguu umefungwa mpaka pajani. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba goti halitakunja tena kama zamani. Alikuwa halii.

"Nimekosea mimi, kaka," alisema. "Nimekanyaga breki ya nyuma."

"Ulikanyaga?"

"Lazima nilikanyaga. Gurudumu lilifunga. Kama sikukanyaga, lingefungaje?"

Nilimtazama. Alikuwa ameshaandika maelezo na kutia sahihi: kosa la mwendeshaji. Meneja alimtembelea mchana, akamwahidi kwamba akipona atakaa stoo, na Ngazi itapewa mwingine wiki ijayo, vidonge vya akina Mama Pacha visikatike. Hilo la mwisho lilimtuliza. Alinishika mkono, mkono wangu mimi, akanifariji.

Siku mbili baadaye shirika likaniita kama kibarua, nikaangalie kama ile pikipiki inafaa kufufuliwa. Meza yangu ilikuwa imeondolewa, nikafungulia nje, chini, juu ya boksi lililokunjuliwa. Sponji haikuwa sponji tena, ilikuwa kipande cha udongo. Oili ilitoka nusu kikombe, nzito kama lami. Nilipoinua silinda nikaona mikwaruzo kutoka juu mpaka chini, mirefu, iliyonyooka, unaweza kuisoma kwa kidole. Hakuna breki inayoandika namna ile. Nilikaa chini pale nikalia kama mtu aliyefiwa, na mtunza stoo akafunga mlango wake kwa heshima.

Ningeweza kuifunga tena na kuandika "haifai". Nadhani hilo ndilo mtu mwenye akili angefanya. Lakini sikuweza kuvumilia Kiberiti aishi na goti bovu na juu yake abebe kosa ambalo si lake. Nilikwenda nyumbani, nikachukua daftari langu, nikaliweka mbele ya Meneja.

"Hii ni nini, Fundi?"

"Saa za kweli. Za zile ndogo."

Alifungua faili lake, akaweka fomu zangu kando ya daftari. Alipitisha kidole kwenye tarehe, Ijumaa baada ya Ijumaa. Kumi na moja, sifuri. Kumi na tatu, sifuri. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nini?"

"Ungezirudisha."

"Ningezirudisha," akakubali.

Akavua miwani. Kisha akaniomba kitu ambacho nilikuwa nimekisubiri tangu nishike spana mara ya kwanza: nimwandikie, kwa ukweli, kubwa inataka nini na ndogo inataka nini, kila kitu, bila kuficha. Nilikaa siku mbili kwenye meza ya mama. Kurasa tatu. Sijawahi kuandika vizuri vile. Niliandika kuhusu kilomita na saa, kuhusu sponji na sensa, kuhusu mashine inayosubiri na mashine isiyosubiri. Niliandika kwamba ndogo inaweza kupanda Ngazi miaka kumi ikipata saa mbili za fundi kwa kila siku ya safari. Nilipokuwa naandika nilikuwa na matumaini, nakiri, mjinga mimi. Nilidhani ukweli ukishakuwa mzuri hivi, lazima mtu aufanyie kazi.

Meneja alisoma kurasa zote mbele yangu.

"Kwa hiyo kubwa haipandi," alisema, "na ndogo haiishi bila wewe."

"Bila fundi. Si lazima niwe mimi."

"Kubwa zimeuzwa. Karakana hakuna, nafasi ya fundi ilifutwa." Alizipanga karatasi zangu zikalingana kona kwa kona. "Sifuri zako nilizituma kwa waliotupatia pikipiki. Ndizo zilizowafanya waongeze mbili. Sasa lazima niwaambie zilikuwa uongo, na ninajua watakachojibu."

"Na yule mwendeshaji mpya?"

"Juzi ningempandisha, kwa sababu nilikuwa sijui. Leo najua. Siwezi kumpandisha mtu kwenye kitu ninachokijua." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Wewe usingempandisha, Fundi?"

Mimi nilikuwa nimempandisha mdogo wangu kwa miezi minne, nikijua. 

Jibu la wafadhili lilichukua siku tisa. Pikipiki zote nne zilipakiwa kwenye lori na kuondoka, Ngazi ikafungwa, na kwa kuwa mkataba wa Kiberiti ulikuwa wa njia ile, kazi ya stoo aliyoahidiwa nayo ikaota mbawa. Kwenye maelezo yake ya ajali Meneja alifuta "kosa la mwendeshaji" na kuandika "hitilafu ya injini". Hilo tu ndilo nililolipata. Nilimpelekea Kiberiti nakala, nikamweleza yote kuanzia Ijumaa ya kwanza. Alikuwa amekaa kitandani, mguu kwenye mto. Alinisikiliza mpaka mwisho, yeye ambaye hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

"Hukuniambia uani," alisema.

"Sikukuambia."

"Na ulipojua nimeshatia sahihi, ukaenda kusema."

"Ili usibebe kosa langu."

"Mimi nilikuwa nimeshalibeba, kaka. Na mtu mwingine alikuwa anapanda Jumatatu." Aliikunja ile nakala, akanirudishia. "Bora ungeliacha liwe langu."

Hajanisema vibaya tangu siku hiyo. Ananiamkia, ananipitishia chumvi. Siku akinitukana nitashukuru.

Mwezi wa pili baada ya Ngazi kufungwa, Mama Pacha alifika nyumbani kwetu. Sikuwa nimemwona kabla. Alikuwa mwanamke mrefu, viatu amevishika mkononi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alitembea siku moja na nusu, akafika shirikani akakuta geti limefungwa, akaulizia mpaka akatufikia. Alimpa mama yangu mkono, akampa Kiberiti pole ya goti, akakaa, akanywa maji. Pacha wake wote wawili alikuwa amewaacha kwa jirani. Yule mwenye kifafa alikuwa ameanguka mara mbili wiki ile, mara ya pili karibu na moto. Shule wamemwambia apumzike kwanza.

"Nimekuja kuuliza tu," alisema. "Watu kule wananiuliza mimi, na mimi sijui niwaambie nini. Pikipiki itarudi lini?"

Kiberiti alitazama goti lake. "Muulize kaka. Yeye ndiye anajua pikipiki."

Akanigeukia, amenyooka, anasubiri kama mtu anavyomsubiri daktari. Nilimweleza. Nilisema kubwa ni nzito, haipandi mawe, na zimeuzwa. Nilisema ndogo inapanda, lakini inachoka upesi, inataka mtu wa kuitunza kila siku, na mtu huyo hayupo.

"Kuitunza vipi?"

"Kwanza ina sponji yake ya kuchujia hewa. Inajaa vumbi. Lazima ioshwe kila siku."

 Alinitazama, akamtazama Kiberiti, kama anayetaka kuhakikisha hatumtanii.

"Kuosha?" akasema. "Si mngetuambia. Tungeiosha sisi. Huyu akifika kwetu anakaa saa nzima anakula, tungekuwa tumeshaiosha."

Mama akaingia jikoni. Kiberiti akafumba macho. Nikamwambia Mama Pacha kwamba si sponji peke yake. Kuna oili, kuna spoki, kuna cheni, kuna ringi na pistoni kwa tarehe zake. Nilizitaja zote, polepole, na yeye alikuwa anazihesabu kwa vidole ili asisahau hata moja akifika nyumbani.